Starlet ya Mwanakombo

Asubuhi ile Mwanakombo alikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vilivyobaki jana yake. Akalalamika chumvi imezidi. Nikamwambia viazi umepika mwenyewe. Akasema, "Basi nimejilalamikia." Tukapakia mzigo wa mteja wa Kipawa kwenye Starlet, yeye mapazia, mie mabomba ya kuyatundikia na drili. Tukaondoka.

Mke wangu alikuwa fundi wa mapazia. Yeye anashona, mie natundika. Shule sikwenda, leseni sina, kwa hiyo miaka kumi na minane nilikaa kiti cha kushoto. Gari ilikuwa yake. Ndogo, nyeupe, ya gia za mkono, na ina turbo ya kuiongezea nguvu. Aliinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama mji. Watu wetu wa Ukonga wakamwambia hiyo gari ya vijana wa mbio, wewe mama wa baibui utaipeleka wapi? Akawajibu, "Kwa wateja."

Siku moja tuko Sinza, tumesimama kwenye mataa, kijana akashusha kioo cha gari yake.

"Shikamoo bibi. Hiyo ya mbio, unaiweza kweli?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe nifuate tu. Ukipotea, uliza."

Taa ikawaka kijani. Yule kijana sikumwona tena. Lakini kwa kawaida Mwanakombo hakuwa mtu wa kukimbiza. Alikuwa akisema turbo ni ya kupandia vilima na ya wenye dharau.

Tukifika nyumbani alikuwa hazimi gari hapo hapo. Anatoa gia, anakaa dakika mbili tatu injini ikiunguruma taratibu, turbo ipoe. Ukiizima ingali moto, oili inaungua mle ndani na turbo inakufa. Majirani walidhani anamalizia simu. Mie muda huo nashusha vyombo.

Siku ile ya Kipawa tulirudi saa sita mchana. Nikashusha drili, nikashusha mabomba yaliyobaki. Nikanawa. Injini bado. Nikasema leo joto kali, ngoja ipoe vizuri. Nikajaza ndoo mbili za maji. Injini bado. Nilipomwendea, mikono ilikuwa mapajani na macho ameyafumba. Nikageuza ufunguo, ikanyamaza. Hospitali walisema presha. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri.

Gaspar, fundi wetu wa gereji, ndiye aliyeisogeza gari ukutani ili turubai la msiba lipate nafasi. Akaiacha kwenye gia ya kwanza, ndivyo wanavyofanya wao isije ikaserereka. Mie sikujua. Wiki ya pili nikaona si vizuri ikae tu bila kuwashwa. Nikaingia upande wa Mwanakombo, nikageuza ufunguo. Ikaruka kama mbuzi. Ukuta wa choo ukatoka tofali mbili, na taa moja ya gari ikapasuka.

Raudha, binti yetu wa pekee, akaja kutoka kwa mumewe.

"Baba, unataka nikuzike na wewe?"

"Nilikuwa naipasha moto."

"Tunaiuza. Gaspar anaitaka. Arobaini ikiisha aje aichukue. Wewe huendeshi, mie naendesha otomatiki tu. Nani ataiendesha hii?"

Nikaenda kuokota zile tofali. Kesho yake nikapata jibu. Nikampigia.

"Utaiendesha wewe. Nitakufundisha."

"Wewe, baba? Hata baiskeli hujui."

"Baiskeli haingurumi."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Tukakubaliana. Ikifika arobaini anaiweza, gari inabaki nyumbani. Asipoiweza, inaondoka na Gaspar.

Kila asubuhi kabla hajaenda kazini tulikuwa uwanja wa mpira. Habari ya miguu, klachi iachiwe vipi, hiyo Gaspar alimwonyesha. Alimwonyesha vizuri, huku ananiambia, "Mzee, unanifanya nijiharibie biashara kwa mikono yangu." Mie kazi yangu ilikuwa sauti. Gari ile ikianza inakuwa nzito. Kisha turbo inapiga mluzi mwembamba, na hapo inavuta. Mluzi ukishanyooka, Mwanakombo alikuwa anapandisha gia. Nilikaa kiti changu cha kushoto nikafumba macho.

"Bado. Bado. Haya, ya pili. Bado. Ya tatu."

"Baba, unajuaje?"

"Endesha."

Siku za kwanza alikuwa ananigeukia kila gia, anasubiri nimwambie. Wiki ya pili akaacha kunigeukia. Nikaendelea kusikiliza, ila nikawa sisemi.

Zikabaki siku mbili. Tukaingia barabara kubwa. Alikwenda vizuri mpaka mataa ya TAZARA, na pale ikamzimikia. Nyuma yetu lori, nyuma ya lori foleni. Taa ikawa kijani, honi zikaanza. Akawasha, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Akaachia usukani.

"Baba, mpigie Gaspar. Hii si gari yangu."

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa. Nikamwambia hapa hapa ndipo ilipomzimikia mama yako, wiki ya kwanza aliyoinunua, na mie nilikuwepo. Akauliza, akafanyaje? Nikamwambia aliyoyasema. Raudha akacheka huku anajifuta machozi na mtandio, akakanyaga klachi. Ikawaka. Ya kwanza. Ya pili. Tukavuka.

Gaspar nilimwambia haiuzwi. Akasema hilo alilijua tangu anamfundisha klachi, na taa iliyopasuka ataibadilisha. Arobaini tukaisoma, watu wakala, wakatawanyika. Raudha anakwenda nayo kazini sasa. Akinipitia huniambia nirudie yale maneno ya mama yake, nami humrudishia bila kuongeza wala kupunguza. Mwanakombo alishika usukani kwa mikono miwili, nyuma hakugeuka, akasema:

"Wapige honi mpaka betri ziishe. Mie natafuta gia yangu. Nikiipata, tutaondoka."