Salamu za muzee wa depo

Hii habari inanionyesha mupumbavu, lakini nitaisema tu. Ku depo yetu ya simenti, muzee mumoja alikuwa anatuma odio ndefu, ujumbe za sauti, ndani ya grupe ya kazi ku telefone. Anasalimia kila mutu na jina yake, anauliza watoto, anauliza mvua ya kule Sake, kisha ndiyo anasema kamio ya kubeba simenti imefika.

Siku moja nikamwambia mbele ya wote: «Papa, andika tu 'kamio'. Hii si misa!»

Tukacheka. Toka siku ile akaandika tu «kamio».

Sasa aliacha kazi, yuko pansio kwao Rutshuru, telefone yake haipite. Ninakosa ile sauti, na odio zake nilizifuta zote. Nikauliza mama mumoja wa biro yetu kama alichunga hata moja ndani ya telefone yake.

«Niko nayo,» akasema. «Lakini unisalimie kwanza.»