Ubao wa Tatu Kutoka Mlangoni

Dada yangu alisimama mlangoni mwa kanisa na shela lake dakika nne nzima, na kinanda kimenuna.

Mchawi wa shughuli yote ni mimi.

Kanisa la kijijini kwetu ni la mbao tupu, na limemzidi umri kila anayesali humo. Nguzo nne, kila moja gogo zima. Boriti zimeng'atana kama vidole vya wachumba. Vigae vya mbao vimelaliana paani kama magamba ya samaki. Msumari? Hata wa dawa hakuna.

Mimi ni seremala. Nina cheti, na mdomo ninao.

Wiki ya harusi nikapewa kazi ya kukagua sakafu. Ubao wa tatu kutoka mlangoni ukiukanyaga tu, kwiiii! Kijiji kizima kinajua nani kachelewa ibada.

"Dada hawezi kuingia na muziki wa panya," nikamwambia shangazi.

"Una uhakika, fundi wa makaratasi?"

"Kazi ndogo hii, shangazi."

Nikapiga misumari minne, ya kwanza katika historia ya jengo lile. Ubao ukafyata mkia.

Sasa ndiyo Jumamosi. Watu wamegeuza shingo, bwana harusi jasho linamtiririka, kinanda kimya. Nikamkimbilia bibi mpiga kinanda, nyuma ya nguzo ya kushoto, kaupa mlango mgongo.

"Bibi, mbona hupigi?"

"Nimpigie nani? Bibi harusi hajafika."

"Yuko mlangoni!"

"Muongo wewe. Ubao haujalia."

Nikamwonyesha mlango kwa kidole.

"Mjukuu wangu, miaka arobaini hapa naona nguzo tu. Ubao ukilia, kaingia. Usipolia, sipigi."

"Basi mimi ndiye nakwambia, amefika!"

"Wewe uliyeahidi kuja saa mbili kunitengenezea kiti, ukaja saa nane? Nikuamini wewe niuache ubao?"

Nikachomoka kufuata nyundo. Suti mpya, magoti sakafuni, mbele ya wakwe wote. Nikang'oa msumari wa kwanza. Wa pili.

"Harakisha, maua yananyauka," dada akanong'ona juu ya kisogo changu. "Na mimi pia."

Wa nne ulipotoka, ubao wote ukaja mkononi. Nikaugeuza.

Chini yake kulikuwa na maneno yaliyochongwa kwa patasi:

FUNDI MWENZANGU, USIUKAZE. MPIGA KINANDA HAONI MLANGO.

Mjenzi ambaye hata jina lake hatulijui alinijua kabla sijazaliwa.

Nikaurudisha, umelegea vilevile. Dada akainua gauni, akaukanyaga kwa kisigino, tena kwa makusudi.

Kwiiii!

Kinanda kikalipuka, vigelegele vikapasua paa.

Kwenye chakula shangazi akanisogelea. "Na ile ngazi ya mnara inayotikisika, fundi?"

"Siigusi, shangazi, mpaka nilale chali niisome kwa chini."

Nanyi mnaonicheka huko, kitu cha kale kikikupigia kelele, usiwahi kukiziba mdomo. Uliza kwanza kinamwita nani.