Kitambaa Kilichofunga Waya za Pikapu

Kabla hujaniambia kwamba nilikuwa na usingizi, au kwamba giza lilinidanganya, nikueleze: ilikuwa mchana. Mvua ilinyesha, ndiyo, lakini ilikuwa mchana, na mama yangu alikuwa ndani ya gari. Muulize. Jambo hili lilitokea.

Asubuhi hiyo tulipigiwa simu Jinja kwamba Haboba, bibi yangu mzaa mama, amefariki nyumbani kwake Nkoma, Mbale. Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Wajomba walisema atazikwa baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa na ombi moja tu: amwone uso mama yake kabla haujafunikwa. Alilirudia ombi hilo njia nzima, kwa sauti ya chini.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya marehemu baba, na ugonjwa wake ni waya. Zile konekta, vile visanduku vya plastiki vinavyokutanisha waya na waya, zilishaoza. Fundi wetu wa Jinja huzifunga kwa kipande cha kavera, ile mifuko laini ya plastiki ya dukani, na kusema, "Itafika tu, bwana." Mimi ni mtu wa wasiwasi. Tangu nimalize chuo sijapata kazi, nina muda mwingi wa kuwaza, na kwenye kila shimo la barabarani niliiwaza ile kavera.

Tulipopita Tirinyi, kwenye mabwawa ya mpunga, injini ikakatika. Nikafungua boneti. Konekta kubwa ilikuwa imeachana, vyuma vyake vimeota kutu ya kijani, kimoja kimevunjika kabisa. Nikajaribu kuvishikanisha kwa vidole. Wapi! Magari yalipita yakiturushia maji, hakuna aliyesimama.

Mama akachungulia dirishani. "Baba, alasiri bado?"

"Bado sana, Mama," nikamdanganya.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya injini.

Sikumwona akija. Alikuwa kijana, pengine rika langu, amejitanda leso ya kizamani. Nikawaza majambazi, nikawaza kichaa, nikawaza labda ni mkulima wa mpunga. Lakini mkulima gani ana miguu isiyo na tope?

"Nani amekufungia na kavera?" akauliza. "Huyu ni fundi au muuza sukari?"

"Ni fundi wa Jinja."

"Kumbe Jinja imeharibika hivyo! Sogea, bwana mdogo, unanizibia mwanga."

Niamini, nilitaka kucheka. Akaingiza mikono kwenye waya, haraka haraka, kama anasuka nywele. Kisha akatoa kitambaa chembamba cheupe chini ya leso, akakizungusha kwenye konekta, akakaza fundo. Harufu fulani ikanipiga, harufu ninayoijua, ila sikuweza kuitaja.

"Washa."

Nikawasha. Injini ikaitika mara moja.

Akaenda dirishani kwa mama. Mama yangu ni mtu mzima, ana wajukuu. Msichana yule akamgusa shavu, akasema, "Usilie njiani, mwanangu. Utawahi."

Mwanangu? Nikashuka nimshukuru. Hapakuwa na mtu. Barabara imenyooka, maji ya mpunga kulia na kushoto. Angepita wapi?

Nikaendesha moja kwa moja mpaka Mbale.

Tulifika wanaume wakijiandaa kwenda kuswali. Sikuzima injini, kwa hofu kwamba haitawaka tena. Ndani, mama mdogo, aliyesimamia kuosha maiti, alikuwa akiwafokea wenzake kwa sauti ya chini.

"Vikanda vya kufungia sanda nimevichana kwa mkono wangu. Cha kichwani kiko wapi?"

"Labda umesahau kukichana, dada."

"Mimi nisahau? Kwa mama yangu?"

Mama aliuona uso wa mama yake. Akambusu paji. Kisha akanigeukia. "Nenda kafungue boneti."

Nikaenda. Kitambaa kilikuwepo, cheupe, kikavu, ingawa kila kitu pembeni kilikuwa kimelowa. Nikakinusa. Kafuri. Ile kafuri wanayowekewa maiti.

Nikafungua fundo. Chini yake konekta ilikuwa wazi, vile vile nilivyoiacha, vyuma havigusani, kile kimoja kimevunjika. Na injini ilikuwa ikinguruma! Kitambaa kilipoachana na waya tu, ikanyamaza.

Nikakipeleka ndani. Mama mdogo akakipokea, akakiweka kando ya kikanda kingine. Nyuzi za mahali kilipochanwa zikalingana, uzi kwa uzi. Akaketi chini palepale. Hatimaye alikifunga kichwani, na Haboba akazikwa nacho.

Jioni mama akaniambia, "Babu yako alikuwa fundi wa umeme wa magari ya jeshi, Jinja. Haboba alimshikia tochi mpaka naye akaijua kazi. Ule uso wa barabarani ndio uso wa mama yangu niliouona nikiwa mtoto mdogo."

Pikapu bado iko Nkoma. Mafundi wamebadilisha konekta zote, na betri pia. Haiwaki. Mvua ikinyesha, kafuri inanuka uani, na mimi sisogelei tena boneti yoyote.

Kwa hiyo wewe mwenye gari kuukuu, nisikilize. Acha kufunga waya kwa kavera ukisema itafika tu. Katengeneze leo. Maana likikuzimikia siku ambayo lazima ufike, hujui ni nani wako atakayelazimika kuinuka alipolazwa, aje akukazie fundo.