Mzinga wa Vifungo

Naona haya hata kuliandika jambo hili, lakini watu wote wa kijiji chetu cha Kingi wanalijua tayari, na wengine wanalisimulia vibaya kuliko lilivyokuwa, basi heri nilieleze mwenyewe, pole pole, kama ninavyoandika siku zote.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule ya primeri na nilikuwa nashona kwa mkono, kutia vifungo na kudarizi mashuka ya arusi. Taabu yangu ilikuwa vitu vidogo. Sindano zilipotelea kwenye majani ya kulalia, na shanga zangu kuku alizimeza (nilimwona kwa macho yangu, wala hakuona haya). Nikaanza kuokota vitu. Mpishi wa mzungu wa shamba la pareto alinipa mikebe mitupu ya sigara na ya samaki, na kichupa cha dawa ambamo sindano zilikaa vizuri sana. Kilichobaki kilikuwa sanduku la kuviweka vyote pamoja.

Mama Kahindo, mjane jirani yetu, alitaka kupasua mzinga wa nyuki wa zamani wa marehemu mume wake upate kuwa kuni. Nikamwomba, akanipa, nami nikampelekea kuni nyingine. Nikaupasua kwa urefu, nikaunganisha nusu zile mbili kwa vipande vya mkanda mkuukuu, ukawa unafunguka kama kitabu, nikapanga mikebe yangu ndani. Tundu la nyuki sikuliziba, kwa sababu uzi ulipita pale na niliweza kuuvuta bila kufungua. Mpaka hapo hakuna kosa. Ila nilitaka ung'ae, basi nikausugua kwa nta ya nyuki ndani na nje, kisha nikautundika chini ya paa, mbali na panya. (Anayefuga nyuki ameshaelewa. Sisi kwetu tunalima maharagwe.)

Dada yangu Riziki alikuwa anaolewa na kijana wa Nyamitaba. Padri alifika kwenye kanisa letu dogo mara moja kwa miezi miwili, anafungisha ndoa asubuhi na kuondoka kwa pikipiki yake, kwa hiyo siku ikipita imepita. Gauni la Riziki lilikuwa tayari isipokuwa vifungo saba vya mgongoni, nikasema nitavitia asubuhi ileile, akiwa amelivaa, ili likae sawa. Kabla ya hapo tulilala siku tatu shambani, tukivuna.

Siku ya arusi tulirudi kukiwa na ukungu na baridi kali. Nikautungua mzinga, nikauona mzito, nikadhani uzi umelowa. Njiani, nikiwa nimejitwika, nilisikia kitu kinavuma, nikadhani ni masikio yangu.

Nyuma ya kanisa Riziki alikuwa amesimama na mgongo wazi, wakwe wako uwanjani na vibuyu vyao vya kasiksi, pombe ya ndizi, na jua limeanza kutoka. Nikafungua. Sikuona mikebe. Niliona kitu cheusi kinachotembea.

Sitaeleza mbio zile zote. Watu waliingia kanisani kwa mlango na kwa madirisha, mjomba wa bwana arusi akiwa amekumbatia kibuyu chake bila kumwaga hata tone, na nguo ya kujitanda ya Mama ikabaki nje imejaa nyuki. Padri alifunga mlango, akatutazama, akasema, "Kwa kuwa wote mumeingia, tuanze."

Hapo nje Mama Kahindo peke yake alibaki, akiwasha nyasi za moshi, akaniambia kupitia dirishani bila kupandisha sauti, "Mutoto, uliwatandikia kitanda, sasa unashangaa wamelala?"

Vifungo na sindano vilikuwa nje, chini ya nyuki. Riziki alinishika mkono. "Shika mugongo yangu," akasema. "Ukiachilia, mimi na wewe tumeachana."

Basi mimi, ambaye nikisalimiwa na watu wawili hutazama miguu yangu, nilisimama mbele ya altare Misa nzima, jicho moja limevimba, nikishika gauni la dada kwa ngumi mbili. Akipiga magoti, napiga magoti. Akienda kutia kidole kwenye kitabu cha ndoa, nakwenda naye. Bwana arusi alinitazama mara mbili. Sikuachilia.

Tulipotoka, nyuki walikuwa wametulia, na mama mkwe wa Riziki akaja moja kwa moja kwetu. Nilijua tumekwisha. Akampa Mama mkono, akasema kwa heshima, "Kwetu hatuna hii desturi ya mutoto kushika bibi arusi mugongo. Hiyo njo malezi ya muzuri."

Mama alinitazama, akajibu kwamba ni desturi ya zamani sana.

Ningefurahi mambo yangeishia pale. Lakini padri aliporudi, mama mkwe alikuwa anamwoza binti yake mdogo, akatuma mtu kutoka Nyamitaba kuja kunichukua. Nikaenda, ningesemaje? Nikasimama tena mbele ya watu Misa nzima, nimeshika kwa ngumi mbili gauni ambalo vifungo vyake vyote vilikuwa mahali pake, na Riziki kwenye benchi ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Tangu hapo vifungo ninavitia siku mbili kabla. Na sanduku lolote, hata liwe la kwangu, silifungui kabla ya kupiga hodi.