Ngamia Aliyeijua Sauti Yangu

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa serikali hapa Muscat tangu ujana wake, na katika maisha yake yote kitu alichojinunulia kwa raha ya nafsi yake kilikuwa kimoja tu: ngamia jike wa mbio. Alimnunua akiwa bado mdogo, akamjengea zizi ndani ya ua wetu huko Al Amerat, nyuma ya milima ya mji, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Hakumpa jina. Alimwita "bibie".

Ndugu zake walimcheka. "Mzaliwa wa Unguja na ngamia, wapi na wapi? Sisi kwetu tuna punda."

"Na punda hukimbia," alijibu, "ukimpa sababu."

Alipoanza, mbio zilikuwa za watu kama yeye. Unampakia mnyama kwenye pikapu, unafika uwanjani, unamwandikisha, anakimbia, mnarudi nyumbani. Halafu waliingia wenye pesa. Ngamia wao walikula asali na samli, walikuwa na daktari wao, na mmoja niliambiwa ana bwawa lake la kuogelea. Ikaja sheria ya kupima damu ya ngamia kuona kama wamepewa dawa za nguvu, na kila msimu kipimo kilipanda bei. Ada ya kuandikisha ikapanda. Ile mashine ndogo inayofungwa mgongoni badala ya mpandaji, yenye kiboko na spika, sisi tulinunua ya mtumba, na ilipoharibika mume wangu aliitengeneza sebuleni kwa bisibisi ya cherehani yangu. Majani yenyewe, ambayo zamani tulinunua bila kufikiri, yakawa ni habari ya kukaa na kuzungumza.

Mama yake alipofariki Unguja, hatukwenda. Tuliwaambia watu tiketi zimekuwa ghali. Si kweli. Pesa za tiketi zilikuwepo, naye alizipeleka kwa muuza majani. Mimi nilijua na nilinyamaza, kwa hivyo uongo ule ni wangu pia.

Siku ya mbio, wenye ngamia huendesha magari kando ya uwanja, sambamba na wanyama, na kila mmoja ana redio ya mkononi. Anachokisema kwenye redio kinatoka kwenye spika mgongoni mwa ngamia wake. Wengine walipiga kelele kwa Kiarabu. Mume wangu alisema kwa Kiswahili, "Haya bibie! Haya mama!" na yule mnyama alikuwa akikaza mwendo kama aliyeguswa na moto.

Mume wangu alikufa kwa maradhi ya moyo, asubuhi, akijifunga kilemba cha kazini mbele ya kioo.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki nje ya ua. Mfanyakazi wa Kisudani aliyemtunza ngamia tulimwacha aende, maana mshahara wake haukupatikana. Basi ngamia nikamlisha mimi. Asubuhi na alasiri nilipiga beseni kwa kiganja, nikasema, "Haya bibie, njoo mama." Nilitumia maneno ya mume wangu kwa sababu sikuwa na mengine. Siku za mwanzo hakuja. Alinipita kwa macho, akaangalia lango. Baadaye akaja, na baadaye zaidi akawa anakuja kabla sijamaliza kusema. Miezi ile nilizungumza naye kuliko nilivyozungumza na binadamu yeyote.

Eda ilipokwisha, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja akakaa barazani. Yeye ndiye aliyekuwa akitusaidia pesa za majani.

"Shemeji, nakwambia ukweli, mie siwezi tena. Tumuingize mara moja kwenye mbio ndefu, ile aliyokuwa akiitaka kaka. Akiingia kumi wa mbele, zawadi itamlisha mwaka mzima na atabaki hapa. Akikosa, tumuuze."

"Na iwe hivo," nikamwambia. Tulipeana neno.

Uwanjani tuliendesha pikapu ya marehemu. Shemeji alishika usukani na redio pamoja, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bibie alikimbia vizuri, Mungu ni shahidi. Tulipokuwa tumebakiwa na robo ya njia alikuwa wa tisa, lakini wawili nyuma yake walikuwa wanamkaribia.

"Sema weye!" shemeji akanitupia redio. "Mie hanijui. Weye anakujua, sema!"

Nikabonyeza kitufe. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Haya bibie! Haya, njoo mama!"

Masikio yake yakasimama. Akapunguza mwendo. Akageuza shingo ile ndefu huku na huku, na mimi ndani ya gari nikaelewa anachotafuta. Alikuwa anatafuta beseni.

Wawili wakampita, kisha watatu, kisha sikuhesabu. Gari la jirani likapiga honi na mtu akachungulia dirishani, akapiga kelele kwa Kiarabu: "Mama! Umemwita mbioni au umemwita chai?" Wenzake wakacheka. Sina kinyongo naye. Ingekuwa ngamia wa mwingine, nami ningecheka.

Tukirudi Al Amerat tulifika kwenye mteremko wa mlima. Hapo shemeji akasema, "Ni mie nliekwambia useme."

"Mdomo ulikuwa wangu," nikajibu.

Mnunuzi alikuja wiki ya pili na lori na watu wawili. Ngamia wa mbio asiyekimbia ana bei mbili, ya uzazi na ya nyama. Yule bwana alitaja bei yake. Niliijua ni ipi katika hizo mbili: ile ya chini, ya nyama. Sikumuuliza.

Bibie alikataa kupanda. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma, akapiga magoti akalia kwa sauti ya kutisha, mpaka majirani wakatoka. Mnunuzi akafuta jasho kwa ncha ya kilemba.

"Wewe anakujua, mama," akaniambia. "Hebu mwite, tusimuumize."

Niliingia jikoni, nikatoka na beseni. Nikapanda ubao wa kupandishia mpaka ndani ya lori, nikasimama mwisho kabisa, nikapiga beseni kwa kiganja kama kila siku.

"Haya bibie. Njoo mama."

Akainuka, akaja mbio.

Beseni lilikuwa tupu. Nilipolichukua jikoni nilijua ni tupu.