Kopo la Sehemu ya Kumi na Mbili

Verlin Stroud alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Kwa miaka thelathini na minane, kila Jumamosi saa nne asubuhi, alishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Harlan Fork, Kentucky, na projekta yenye uzito wa ndama, ili wazee ishirini na ushee watazame sinema za mfululizo za utotoni mwao. Nyeusi na nyeupe, zenye mapango ya karatasi na ngumi zinazopita shubiri nzima mbele ya kidevu, na bado mtu anaanguka. Goti lake la kushoto lilishagoma kupanda ngazi. Binti yake Loretta, huko Arizona, alikuwa amemwandalia chumba kisicho na ngazi hata moja, na Jumapili, kesho yake baada ya onyesho la mwisho, angekuja kumchukua.

Lakini Verlin aliapa kumaliza mfululizo wa mwisho kwanza. Hakuwahi kumwacha mtu akining'inia.

Sharti la kikundi lilikuwa moja: sehemu moja kwa wiki, na asichungulie mtu mbele, hata mwenye projekta. Mwaka juzi mzee mmoja alifichua mwisho wa mfululizo, wakamnyima donati mwezi mzima. Verlin alilishika sharti hilo kuliko wote. Mfululizo huu, adimu kiasi kwamba hata mtandaoni haumo, aliununua miaka tisa iliyopita, na kopo la filamu ya sehemu ya kumi na mbili, ya mwisho, akalizungushia utepe wa gundi raundi nne ili asije akashawishika.

Sehemu ya kumi na moja iliisha rubani amefungwa kamba ndani ya ndege inayokwenda kuubusu mlima. Wiki nzima watu walibishana. Maxine Tolliver, mjane wa miaka themanini na miwili aliyefundisha hesabu nusu ya mji, alishikilia kwamba kuna parachuti chini ya kiti. Doyle, tarishi mstaafu, alisema rubani alisharuka zamani, ila watengeneza sinema hawakuwaonyesha.

"Wananidanganya hivyo tangu nina miaka saba," alisema, "na kila wiki nimekuja."

Jumamosi ya mwisho Verlin alibandua utepe. Harufu ya siki ikampiga usoni hata akarudi nyuma. Filamu ilikuwa imejikunja kama maganda ya viazi na kunata. Yale makopo kumi na moja mengine, yaliyokuwa yakipumua, yalikuwa mazima. Hili alilolifunga kwa heshima zote, mvuke wa siki unaotoka kwenye filamu ikizeeka ulikosa pa kutokea, ukageuka kuila filamu humo humo.

Akawaambia. Bisi zikabaki mikononi. Doyle akauliza nani mwerevu aliyelifunga namna hiyo. Verlin akanyoosha mkono.

"Basi wewe ndiye jambazi wa sehemu hii," Doyle akasema. Wachache wakacheka, bila nguvu.

Mtu akakumbusha kwamba kuna mkusanyaji wa filamu huko Ohio mwenye nakala. Verlin alimjua: hutuma kwa posta, na hachukui chini ya wiki tano. Wiki tano, na Loretta anafika kesho. Akasema labda Doyle ajifunze projekta. Doyle akaonyesha vidole vyake vinavyotetemeka, akavirudisha mfukoni.

Maxine alimsogelea hadi mezani.

"Verlin, mwanangu ananieleza nitakavyoishia. Daktari naye, na wakili juu yake. Hapa tu ndipo pasipo na mtu wa kunieleza mwisho."

"Mama Tolliver, goti langu limekufa."

"Najua, baba. Langu lilikutangulia."

Verlin alilifunika kopo bovu, akalitoa nje kwenye pipa la taka, akarudi akishikilia ukuta. Kisha akapiga simu Ohio, akataja anwani ya kanisa pole pole, mara mbili.

Simu ya pili alimpigia Loretta. Alikuwa tayari barabarani, yuko Oklahoma. Verlin alimwomba ageuze gari, kwani sehemu ya mwisho ilikuwa bado. Loretta akauliza goti linaendeleaje.

"Linauma," Verlin alisema. "Linauma kweli kweli, mwanangu."

Akakata simu, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa kusubiri nguvu za kupanda.