Furu wa Nyamirembe Katika Sanduku la Kioo

Mjukuu wangu anayefanya kazi Tanga amenunua sanduku la kioo, amelijaza maji ya bahari, na sasa anataka kuweka humo samaki wale wa miambani wenye rangi kama vipepeo, ambao watu wa kule huwaita vitatange. Alinipigia simu kuniuliza aanze na aina gani, kwa kuwa alishasikia kwamba babu yake aliwahi kufuga samaki kwenye vilima vya Ngara.

"Ya baharini siyajui," nikamwambia. "Lakini kabla hujamlipia samaki, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula dukani hatakula kwako. Na usimchague kwa rangi."

"Sasa babu, nimchague kwa tabia? Naoa?"

"Kwa tabia, ndiyo."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Mimi nilichagua kwa rangi. Kwetu Mabawe nilikulia kwa watu wa ng'ombe, na baba alikuwa akimzunguka ng'ombe mnadani, anatazama kwanza rangi, halafu pembe, halafu namna anavyoinua kichwa. Aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu tu hakuiona rangi aliyoitaka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuchagua kitu.

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zimepangwa mistari kando ya barabara. Mke wangu alikuwa amezaliwa Nyamirembe, wilaya ya Biharamulo, mlangoni pa ziwa. Ndizi zetu alizizoea upesi. Kutoyaona maji hakukuzoea. Na zaidi ya maji alikuwa na mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Kila jioni, akimenya ndizi, mazungumzo yalikuwa yale yale: likizo ikifika aende, mama amwone kabla macho hayajafunga kabisa.

Likizo ikafika. Lori lililokuwa linakwenda ziwani lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo nikaichukua mimi. Nilimwambia kwamba njia ni mbaya, kwamba nitamjulia hali mama kwa niaba yake, na kwamba nitamletea zawadi ambayo hajapata kuiona mtu yeyote Ngara. Kitabu cha sayansi cha shule ya sekondari kilikuwa kimenionyesha picha ya samaki ndani ya kioo. Tayari nilikuwa nimemwomba fundi seremala anitengenezee sanduku kwa vioo vya madirisha vilivyobaki shuleni, tukaziba pembe kwa puti na nta ya nyuki.

Mama mkwe alinipokea akiwa amekaa mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Na mwanangu?"

"Atakuja likizo ijayo, mama."

"Ijayo nitamjua kwa sauti tu," akasema, kisha akaniuliza habari za safari.

Asubuhi kaka wa mke wangu, mvuvi, alinimwagia furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye karai. Siku hizo, kabla sangara hajawamaliza, furu walikuwa wengi, na wenyeji waliwaona ni mboga tu. Mimi niliinama juu ya karai kama baba mnadani. Nikatoa mwekundu wa mgongo, wa buluu mwenye mistari, wa njano mwenye mapezi ya moto.

"Shemeji," akasema, "unachagua mboga au unachagua mke wa pili?"

"Nachagua wazuri."

"Basi chukua na huyu mbaya, awafulie nguo." Akanitupia mmoja wa rangi ya tope. Watu wote ufukweni wakacheka.

Nilisafiri nimekumbatia debe lililofunikwa kwa kitambaa chenye maji. Mke wangu alipowaona ndani ya kioo alikaa chini, akaweka kiganja kwenye kioo. Nikaona nimeshinda. Ndipo akauliza: "Mama alisema nini?" Nikamjibu kwamba anamsalimia.

Wale wazuri wote walikuwa madume. Hilo sikulijua, wala yeye hakulijua, maana kwao hakuna aliyewahi kuwaacha furu hai kiasi cha kuwasoma. Mimi, mtoto wa mfugaji, nilikuwa nimefungia madume matupu katika zizi moja. Walichanana mapezi, wakafa mmoja baada ya mwingine, wakabaki mwekundu na yule wa rangi ya tope, aliyejificha nyuma ya jiwe.

Kisha vita ikaanza huko kaskazini. Malori yakachukuliwa kubeba askari na chakula chao, barabara ikabaki ya watu wa miguu. Likizo ijayo ikaja, ikapita.

Siku moja niliona yule wa tope hagusi kumbikumbi tuliowatupia. Amefunga mdomo, koo limevimba. Nikasema anaumwa, atamwambukiza mwekundu.

"Mwache," akasema mke wangu.

"Huyu hafai."

Nilimtoa, nikamtupa chini ya mgomba. Alipoanguka alifungua mdomo, vikamwagika vitoto alivyokuwa akivilea kinywani, vidogo kama punje za ulezi, vinarukaruka kwenye majani makavu. Mke wangu alipiga magoti akaviokota kwa kata ya maji, na mama yao pia, bila kunitazama. Halafu akaingiza mkono ndani ya kioo, akamtoa mwekundu, akamkaanga. Akaniwekea sahani mbele.

"Kula, Mwalimu. Uliyemchagua ndiye huyu."

Nilikula. Alikuwa na miiba mingi.

Vita ilipoisha malori yalirudi polepole. La kwanza lililokubali abiria tulipanda wote wawili, juu ya magunia, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama nguo aliyovaa ni ya rangi kali ya kutosha, mama aweze kuiona.

Kaka yake alitupokea barabarani. Walikuwa wametuma salamu za msiba kwa watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyefika kwetu. Alimshika dada yake mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, ambako majani yalikuwa yameshaota juu ya udongo. Mke wangu alikaa chini na nguo yake ya njano. Mimi nilibaki nimesimama na mzigo mkononi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niuweke wapi.